Madame Hakutaka Hodi

Wako watu hapa Kasongo wanaosema kwamba Madame ana kichwa kigumu. Wananiambia mimi makusudi, kwa sababu wanajua nilisoma kwake na sasa naangalia mashine yake, wakidhani nitaona haya. Sioni haya. Kichwa chake ni kigumu kuliko wanavyofikiri, na namshukuru Mungu kwa ugumu huo. Angekuwa mtu wa kukubali-kubali, Kabambare isingekuwa na mtandao leo, na dada yangu mkubwa, ambaye ni mkunga kwenye kituo cha afya cha kule, angekuwa anazalisha wake za watu bila daktari wa kumuuliza neno. Barabara ya kwenda kule mnaijua. Mvua ikinyesha, hata pikipiki inabebwa.

Sitaeleza Madame alizaliwa wapi wala na nani. Mwenyewe hakupenda. Mtu akimuuliza ukoo wake alijibu, “Miye ni Madame wa hesabu,” na asiyetosheka na jibu hilo alipewa hesabu afanye.

Jambo la kwanza ambalo mgeni alijifunza nyumbani kwake ni kwamba hodi haikubaliki. Sisi watu wa huku, anayesimama mlangoni bila kupiga hodi ni mwizi au ana wazimu. Kwa Madame ilikuwa kinyume. Ulifika barazani, ukakaa kwenye benchi, ukanyamaza. Yeye alikuwa ndani na shughuli zake, na kila baada ya muda wake alitoka, akazungusha macho barazani na uani, akamhudumia aliyekuwepo, akarudi ndani. Kama hapakuwa na mtu, alirudi vilevile. Aliyepiga hodi aliachwa mpaka mwisho, hata kama alifika wa kwanza.

“Hodi inakata-kata akili,” alituambia. “Unaanza kuwaza kitu, hodi. Unarudilia, hodi. Magaribi inafika, umesema tu karibu, karibu, na kazi haiko.”

Majirani waliona ni kiburi. Hata mimi nasema kiburi kilikuwemo, tena cha kutosha. Lakini siku jirani mmoja alipomwambia kwamba hata Mungu watu wanamwita wakati wowote, Madame alimshika kwa neno lake. “Na sala tano nani aliziwekea saa?” alimuuliza. “Unaenda pale umeitwa na shida? Unaenda tu. Ukuwe na neno, usikuwe na neno, unaenda.” Jirani akakohoa akaomba maji. Akapewa, ya mtungini.

Nasema ya mtungini kwa sababu maji ya baridi yalikuwemo, na hakuna aliyepewa. Madame alikuwa na friji yenye panno zake mwenyewe juu ya paa, yaani yale mabamba ya kuvuna jua, na ndani ya friji kulikuwa na chupa za maji na tangawizi aliyoitengeneza mwenyewe. Kwa mengine alikuwa mkarimu: nimemwona akivua khanga ya bega na kumpa mama aliyelowa mvua. Lakini maji baridi yalikuwa yake. Alikunywa saa ya joto, amesimama, macho ameyafumba, na ole wake mtu atakayemsemesha hapo. Wifi yake, mjane wa kaka yake ambaye wamekaa naye miaka yote, alikuwa akitutania kwamba tukitaka kuonja tangawizi ile tungoje kiyama.

Darasani alikuwa vilevile kama barazani. Kwa walimu wengine, mwanafunzi aliyejua jibu alinyoosha mkono na kupiga kelele, “Madame! Miye, Madame!” huku akitikisa vidole kwa hamu. Kwake kelele hazikusaidia. Alitoa hesabu ubaoni, kisha akapita kati ya madawati, safu baada ya safu, kwa mwendo mmoja, akichungulia kazi ya kila mmoja kwa muda uleule. Hodari alipata muda wake, mjinga alipata muda wake. Mtoto wa msimamizi wa wilaya alikasirika na kumpelekea baba yake mashtaka, na Madame akamwambia baba, mbele yetu sote, kwamba mwanawe hana kosa ila moja, la kutaka kuitikiwa kwanza, na baba mwenyewe ana kosa hilohilo.

Mimi nilikaa nyuma kabisa, ukutani. Nilikuwa nimetoka Kabambare, Kiswahili changu kilikuwa na Kibangubangu kingi ndani yake, na nilipofungua kinywa darasa zima lilicheka. Kwa hiyo nilikifunga. Madame alipofika dawatini kwangu aliuliza, “Iko nini?” Nikajibu, “Hakuna, Madame.” Akapita. Mzunguko uliofuata, “Iko nini?” “Hakuna.” Hakunihurumia, hakunikaripia, na hakuniruka. Ilikwenda hivyo muda mrefu, hata wenzangu wakasema anapoteza wakati wao. Siku moja nilikuwa na jibu. Alipouliza nililisema, kwa sauti ya chini, na Kibangubangu chake kikiwemo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema “Haya,” akaenda kwenye dawati lililofuata. Nilitaka sifa nikaikosa. Nilijua tu kwamba atapita tena, na tangu siku ile nilianza kujitayarisha.

Alipoacha kufundisha, watu walidhani atatulia. Akatuletea mtandao. Yeye na wanafunzi wake wa zamani waliungaunga vitu: sahani ya kushika ishara ikawekwa juu ya paa lake kwa kuwa nyumba iko mahali pa juu, nguzo zikasimamishwa vilimani kwenda upande wa Kabambare, na katikati ya yote ikawekwa kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi moja iliyofungwa. Mimi ni fundi wa simu sokoni, kwa hiyo kazi ya kupanda juu ilikuwa yangu. Yeye alikaa chini na kunitukana nikichelewa.

Sasa naomba msikilize kidogo mambo ya mashine ile, maana bila hayo hamtamjua. Ndani ya kompyuta kuna mfumo, na katikati ya mfumo kuna kiini, ambacho ndicho kinachoamuru vyuma vyote. Kwenye mashine yetu kuna kadi mbili za mtandao, nanyi mzikumbuke: moja inapokea maneno ya Kasongo mjini, nyingine inapokea maneno yanayotoka Kabambare. Mashine ilivyokuja, kila kadi ikipokea kitu ilikuwa inakikatiza kiini: acha ulichoshika, njoo uchukue. Watu wakiwa wachache, hakuna ubaya. Lakini vijana wa mjini walipoanza kupitishiana filamu kutoka duka moja hadi jingine, kadi ya Kasongo haikupumua. Kiini kilishinda kikiitika. Hakijamaliza kupokea hiki, kimeitwa tena. Mashine ilichemka na kuvuma, na maneno hayakupita. Kabambare ndiyo ilikufa kabisa, kwa sababu wito wake mdogo ulimezwa na kelele za mjini.

Sisi tulisema mashine imechoka, itupwe. Madame aliikalia mbele kutwa nzima akiitazama, kisha akacheka kile kicheko chake cha puani.

“Hii mashine iko sawa na nyumba za watu,” alisema. “Inasema tu karibu. Tutaikataza hodi.”

Na aliikataza. Alizima wito wa kadi zote mbili, akakiamuru kiini kipite chenyewe, kwa mapigo ya saa yake, mara elfu katika kila sekunde. Mlango wa Kasongo: chukua kiasi fulani, usizidishe. Mlango wa Kabambare: kiasi hichohicho. Halafu rudi kwenye kazi zako. Ilipowashwa, mashine ilinyamaza kama mtoto aliyenyonya. Na dada yangu akasikika kutoka Kabambare, akiuliza kama mama amekunywa dawa yake.

Swali lililobaki ni kupita mara ngapi, na swali hilo halina jibu moja. Ukipita mara nyingi mno, mashine inajichosha kwenye milango mitupu na kunywa bateri. Ukipita mara chache, kila kadi ina kisanduku chake kidogo cha kuwekea yaliyofika; kikijaa, yanayozidi yanamwagwa, na hakuna anayeambiwa kwamba yamemwagwa. Kubadilisha idadi ile kwenye mfumo wetu wa kizamani kunataka kiini kiundwe upya, kazi ya kutwa, na kutwa hiyo mji hauna mtandao. Madame aliita kazi hiyo kupika. Wifi akitoka barazani na kusema, “Leo anapika,” watu waliguna na kwenda zao.

Na hapo ndipo mtu huyu alipojipinga mwenyewe. Yeye aliyejua hesabu ya kupita kwa kiasi, jikoni hakuwa na kiasi. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikiwekwa motoni alifunua kifuniko, akafunika, akafunua tena. Wifi alimfukuza kwa mwiko. “Toka! Chakula itaiva saa ngapi, kila saa unaichungulia?” Madame alitoka akinung'unika kwamba anafukuzwa nyumbani kwake, na baada ya muda ungemwona anarudi kwa mlango wa nyuma. Tena huyu mwenye mtandao wa mji mzima hakuwa na simu. Alisema simu ni hodi unayotembea nayo mfukoni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wabaya wake wanalipenda. Ulikuja msimu wa mvua wenye mawingu kuliko kawaida. Jua halikutosha kujaza bateri za mashine, na alasiri ilizimika yenyewe. Madame akapika. Alipunguza mizunguko kutoka elfu hadi mia katika sekunde, ili kiini kipumzike zaidi na bateri zifike jioni. Zilifika. Mji ulimsifu. Barua zilikwenda, picha zilikwenda, hakuna aliyeona tofauti.

Siku moja asubuhi, Kabambare, mwanamke mmoja alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa anakuja miguu mbele. Dada yangu alimwita daktari wa hospitali ya Kasongo kwa mtandao, kama walivyozoea. Daktari alimsikia vizuri kabisa. Lakini maneno ya daktari yalipitia mlango wa Kasongo, pamoja na filamu za vijana, na kisanduku cha mlango ule kilikuwa kinajaa kabla kiini hakijapita. Yaliyozidi yalimwagwa. Dada alisikia kipande, kimya, kipande. “Dokta, sisikie!” alikuwa anapiga kelele. “Rudilia, dokta, sisikie!” Daktari alirudia na kurudia. Mwishowe dada yangu alifanya alilojua kwa mikono yake mwenyewe. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Habari ilipomfikia Madame alikwenda kwenye mashine, akaangalia hesabu ya vilivyomwagwa, ambayo kiini huwa kinaiweka, akarudi akajifunga kitambaa kichwani na kuniambia nitafute mtu wa pikipiki. Nilimwambia barabara ni mbaya. Tulikwenda na pikipiki mbili kwenye matope yale, tukishuka na kusukuma, na yeye na umri wake alisukuma kama sisi.

Tulifika kwenye kilio. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, na hakuna aliyemjua. Ilikuwa siku pekee niliyomsikia Madame akipiga hodi. Aliipiga kwa sauti ndogo, akasimama palepale mpaka bibi mmoja, mama wa yule mzazi, alipomkaribisha.

“Mama,” alimwambia, “ile rezo, mtandao wa kusemea na dokta, ni miye ninaichunga. Miye ndiye nilipunguza nguvu yake. Sauti ilipotea juu yangu.”

Bibi yule aliyatazama matope miguuni mwake. “Umetoka Kasongo na hii matope?” aliuliza.

“Ndiyo.”

“Kaa. Watakupa chakula.”

Madame akakaa. Alikaa kwenye mkeka ule mpaka matanga yalipokwisha, akichambua mboga pamoja na wanawake, na tuliporudi njiani hakunitukana hata mara moja. Mimi nililia juu ya pikipiki, na sijali anayejua.

Wabaya wake wanaishia hapo wanaposimulia. Mimi siishii hapo. Tulipofika Kasongo tulikuta kamati ya mtandao inatungoja barazani, imeketi kwenye benchi, imenyamaza kama inavyotakiwa. Mwenyekiti alikuwa mwenye duka la simenti, mwanafunzi wake wa zamani naye, mtu wa adabu nyingi.

“Madame, tunakuheshimu,” alianza. “Lakini jua haitoshe kwa pande mbili. Kasongo tuko wengi. Kule watu wako kidogo, na maneno yao kidogo. Na tena umeona, ile rezo haikuokoa mutoto. Tukate Kabambare kwanza, mpaka mvua iishe.”

Wengine walitikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa na matope mpaka magotini na nilitaka kupigana. Mpaka mvua iishe! Mvua ndiyo inayofunga barabara. Walikuwa wanataka kumwachia dada yangu mtandao wakati ule ambao hauhitaji, na kumnyang'anya wakati anaouhitaji.

Madame hakukaa. “Rezo haikukosa,” alisema. “Miye nilikosa. Museme vile sokoni, sitakatala. Lakini munaniambia watu wa kule maneno yao kidogo. Mutoto hasemi mu darasa, munamufukuza? Weye nilikufundisha. Kila siku ulipiga kelele kushinda wote, na majibu yako ilikuwa mubaya kushinda wote. Nilikufukuza?”

Watu walicheka, na mwenye simenti mwenyewe alicheka kidogo, ila hakuachia. “Sawa, Madame. Lakini jua itatoka wapi? Hesabu ni hesabu.”

“Simameni.”

Aliwaongoza ndani, wote, na viatu vyao, mpaka kwenye friji. Akaifungua. Alitoa chupa za tangawizi moja baada ya nyingine, akawapa mikononi, mwenye simenti akapata mbili. Kisha akachomoa waya. “Weye, panda,” aliniambia. “Zile panno za frigo, uzipeleke kwa bateri za mashine.” Akawageukia. “Ile jua ilikuwa ya maji yangu. Sasa ni ya Kabambare. Iko neno lingine?”

Walisimama pale na chupa zao za baridi, hawajui wanywe au waondoke. Wifi alikuwa amejishika kinywa mlangoni. Baadaye aliniambia kwamba kumbe kiyama kimefika, naye hakupata chupa.

Nguvu ilikuwa imepatikana, ila Madame hakurudi tu kwenye elfu. Alisema elfu aliiweka kwa majivuno, kwa sababu ni hesabu nzuri kutaja, na mia aliiweka kwa woga. Safari hii atatafuta. Namna alivyotafuta haiko katika kitabu chochote nijuacho. Aliwaita vijana wa filamu, ambao walizoea kufukuzwa, akawaamuru wapitishiane filamu wote kwa pamoja, kubwa kabisa walizo nazo. Mimi alinituma hospitalini nikae kwenye kiti cha daktari, na dada yangu akae kituoni kwake Kabambare. Nikaambiwa nimsimulie dada kisa kimoja tu, kilekile kila mara.

Nikachagua kisa cha mjomba wetu aliyenunua mbuzi huko Salamabila, akamfunga nyuma ya pikipiki na kumsahau. Alipofika mtoni pikipiki ikawa nzito, akashuka kumwambia yule aliyedhani ni abiria ateremke asukume, na ndipo mbuzi alipomjibu.

Siku ya kwanza dada alisema, “Mujomba amenunua nini? Umepotea.” Madame akapika. Mji ukaguna. Tulipojaribu tena dada alisikia mbuzi, alisikia mto, ila hakusikia nani alijibu, na kisa bila hapo hakina maana. Madame akapika. Mwenye simenti alituma mtu kuuliza hii michezo itaisha lini, na mtu yule aliachwa kwenye benchi, naye hakupiga hodi. Tukajaribu tena. Kisa kilifika chote, ila kicheko cha dada kilinijia nimekwisha kunyamaza na kuanza kuona aibu. Nilimpelekea Madame habari hiyo.

“Anacheka nyuma?” aliuliza.

“Kidogo, Madame.”

“Bado.” Akapika.

Kwenye jaribio la mwisho, nilipofika kwa mbuzi, dada yangu alicheka palepale, juu ya maneno yangu, kama tulivyokuwa tukicheka tukila sahani moja. Alikuwa hajacheka hivyo tangu siku ya mtoto yule. Alicheka kisha akalia, na kilio nacho nilikisikia chote, bila kipande kupotea. Nilirudi kwa Madame nikakaa kwenye benchi. Alipotoka kwenye mzunguko wake aliuliza, “Iko nini?” Nikamwambia. Akasema “Haya,” akarudi ndani. Idadi aliyoiacha siku ile siitaji. Ni ya mashine ile, ya vijana wale na mvua ile, na mtu akiichukua akaipeleka kwingine itamdanganya.

Friji haikurudishiwa panno zake. Sasa umo ndani yake unga wa muhogo, panya hawaingii.

Mwaka huu Madame alianguka uani na kuvunjika nyonga. Amelala chumba cha ndani, hawezi kufika barazani. Wifi alikuja sokoni kunitafuta, ana hasira. “Haiti mutu,” alisema. “Hata kiu imushike, haiti. Nikimuuliza anasema hajazoea kumupigia mutu hodi. Atakufa na kiburi yake!” Tukakutana wanafunzi wa zamani, tukagawana saa. Kila mmoja anapita kwa zamu yake, anaingia bila hodi, anauliza, anaondoka. Mwenye simenti naye anapita. Mwanzoni tulizidisha, na Madame akatuchambua. “Munafunua kifuniko sana,” alisema. “Sitaiva.” Tukapunguza.

Juzi zamu ilikuwa yangu, na nilikuwa na la kumwambia. Mvua zimeanza tena, na ndani ya kamati lile neno la kukata Kabambare limerudi, kwa sababu Madame yuko kitandani na wanadhani mashine imebaki na mtu laini. Walikuja na ngazi ili wapande paani kuikata. Niliiondoa ngazi ukutani nikaikalia, hapo uani, mpaka walipochoka na kwenda zao.

Nilimkuta ameelekea dirishani. Amekonda, ila macho ni yaleyale.

“Iko nini, Madame?”

“Hakuna. Na weye?”

Nikamsimulia habari ya ngazi. Alicheka puani, ikamuuma, akashika ubavu wa kitanda. Kisha akaniuliza mizunguko ni mingapi sasa. Nikamwambia ukweli, kwamba vijana wameongezeka, nimepika na kubadilisha, idadi yake haipo tena. Nilidhani atanitukana.

“Yaya yako anacheka saa yake?” aliuliza, yaani dada yangu mkubwa.

“Saa yake, Madame.”

“Na kama kule hawana neno?”

“Ninapita tu.”

Alifumba macho, vile alivyokuwa akifumba zamani akinywa maji yake ya baridi. Nilisimama pale nikingoja, kwa sababu mtu hazeeki kiasi cha kuacha kungoja sifa. “Haya,” alisema. “Sasa toka. Muda yako imeisha.”

Nikatoka. Barazani palikuwa na mama mmoja wa upande wa Kabambare, amekaa kwenye benchi na mkungu wa ndizi miguuni, amenyamaza, kumbe ameambiwa na mtu desturi ya nyumba. Nilimuuliza iko nini. Akasema hakuna, amekuja kumwona tu yule mama aliyechambua nao mboga. Nikamwambia akae, atapita mwingine baada yangu, atamwingiza. Kesho nitapita mimi tena, Madame awe na neno, asiwe na neno.